Yaya, wachezaji wananikimbia mmoja mmoja

BARUA

Yaya, jambo sana. Ninakuandikia toka Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Najua watu wengi wanakuletea mambo ya ndoa na ya wakwe. Langu ni la mchezo, lakini linaninyima usingizi.

Ndugu yangu aliporudi toka Ubelgiji aliniletea kitabu cha Donjons & Dragons na mfuko mmoja wa dadu. Kwa wasioujua, ni mchezo wa kukaa mezani na kutunga hadithi pamoja. Kila mchezaji ana mhusika wake: shujaa wa upanga, mpiga mishale, mwizi, mtu wa mazingaombwe. Mmoja ni mwongozaji. Yeye anaeleza mahali walipo na kinachowatokea, wenzake wanasema wahusika wao wanafanya nini, na pale ambapo haijulikani kama jambo litawezekana, mtu anarusha dadu ya pande 20. Mwongozaji ni mimi.

Tulianza na wachezaji saba. Tunakutana kwetu kila Jumamosi mchana, kwenye barza. Mwanzoni watu walikuwa wanafika hata kabla ya saa. Nilikuwa nimeandika hadithi nzima kwenye daftari: ufalme, mfalme aliyesalitiwa, mapango, na mwisho mzuri sana ambao hawajaufikia hata sasa. Leo wamebaki watatu, na mmoja wao ni mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye hana pa kwenda.

Wa kwanza kuondoka alipata kazi Kolwezi, mambo ya mgodi. Huyo simlaumu. Wa pili, mama yake aliona ndani ya kitabu picha ya kiumbe mwenye pembe katikati ya moto, akasema ni kitu cha pepo, na mchungaji wao akaunga mkono. Nikamwambia mwenzangu kwamba mama yake hana elimu ya mambo haya. Akakasirika, hajarudi. Wa tatu ni dada mmoja anayesoma UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi. Alikuwa anacheza shujaa wa upanga, na anacheza vizuri. Siku moja akasema hakuna anayemsikia, basi, hatukumwona tena. Nafikiri ni aibu tu ya kuwa msichana peke yake. Wa nne anadai pigano moja linameza mchana wote na yeye anabaki kwenye simu akingoja zamu yake.

Kinachoniuma ni kwamba najitolea. Naandaa juma zima. Siku moja walifika kwenye daraja linalolindwa na jitu. Kila kitu kilikuwa tayari kwa pigano. Ghafla mmoja akataka kuongea na jitu, alilipe kitu liwaache wapite. Nikasema haiwezekani, kwa sababu jitu lilitakiwa kuvunja daraja ili waangukie kwenye pango la sura inayofuata. Wakapigana, wakaanguka, hadithi ikaendelea. Lakini tangu siku hiyo nyuso zimebadilika.

Rafiki yangu anasema tatizo ni kanuni. Za kwetu ni za 2014, na mwaka 2024 zilianza kutoka mpya. Kuna msafiri anayeweza kuniletea vitabu vitatu, kila kimoja karibu dola 50, na akiba ninayo. Ninunue, Yaya? Au tuachane na mchezo huu tutafute mwingine?

Mwongozaji wa Katuba

JIBU

Mdogo wangu, jambo lako si dogo. Mtu anayekusanya vijana saba mchana wa Jumamosi, wakakaa pamoja bila pombe na bila kamari, wakitunga hadithi kwa vinywa vyao wenyewe, anafanya kazi ambayo mtaa mzima unafaidika nayo. Mchezo huu ninaucheza na ninaupenda, kwa hiyo utanivumilia nikiongea kwa urefu.

Hizo dola 150 ziache mahali zilipo. Rafiki yako hajakosea kabisa, maana kanuni zimewahi kufukuza watu. Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson: vijitabu vitatu ndani ya boksi, na chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu. Tangu hapo umeandikwa upya mara kadhaa. Mwaka 2008 lilitoka toleo la nne, ambalo mapigano yake yalitegemea sana ubao wa miraba, na kila mhusika akapewa orodha ya mbinu za kuchagua. Wachezaji wengi wa zamani waliona mchezo wao umechukuliwa na kurudishiwa mwingine. Mwaka uliofuata kampuni ya Paizo ikatoa Pathfinder, uliojengwa juu ya kanuni za toleo la tatu, na umati ukahamia huko. Iliwezekana kwa sababu kanuni za toleo la tatu zilikuwa zimeachiwa watu wote mwaka 2000, chini ya leseni ya wazi.

Wengi walirudi na toleo la tano, hilo lako la 2014. Kabla ya kulichapa, kampuni ya Wizards of the Coast iliwapa wachezaji kanuni za majaribio kuanzia 2012 na kuwauliza maoni yao. Halafu Januari 2023 ikavuja habari kwamba kampuni hiyo hiyo inataka kuibana ile leseni ya wazi. Wachezaji wakawaka. Kabla mwezi haujaisha kampuni ilikuwa imerudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, ambako haiwezi kuzinyang'anya tena.

Ukiyatazama hayo kwa karibu utaona kwamba watu waliondoka walipohisi kuwa kitu wanachokiita chao kinaamuliwa bila wao, na walirudi walipoulizwa. Sasa rudi kwenye daraja lako.

Yule aliyetaka kuongea na jitu alikuwa amefanya jambo ambalo mwongozaji yeyote angelilipia: aliiamini hadithi yako kiasi cha kuliona jitu kama mtu mwenye akili, mwenye njaa, mwenye bei. Ukamwambia haiwezekani. Si dadu iliyomkatalia. Kama angerusha akapata namba ndogo, angecheka, angechomoa upanga, na leo angekuwa bado anakusimulia. Kilichomkatalia ni daftari. Na wenzake wote waliokuwa kwenye barza walielewa papo hapo kwamba wakisema hili au lile, pango linawangoja tu. Mtu mzima, amefanya kazi juma zima, amelipa taxi-bus, hawezi kuja kusikiliza hadithi ambayo kuwepo kwake hakuibadilishi. Ndiyo maana nyuso zilibadilika.

Kitabu chako mwenyewe kinakupa njia. Jambo jepesi linataka 10, la kati 15, gumu 20. Kumshawishi mlinzi wa daraja unaweza kusema ni 15. Mchezaji anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha nguvu ya ulimi wa mhusika wake, na nyote mnaangalia. Akipata, jitu linapokea malipo, watu wanapita. Pango lako halijafa. Labda jitu lenyewe litawaambia usiku, kwa siri, ni nani aliyelituma kulinda daraja na amejificha pango gani.

Nikuonyeshe kitu kilichotokea kwenye meza yetu. Tunaye mchezaji mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma pale Kampemba, mtu wa maneno machache. Kundi lao lilikuwa nje ya lango la mji na mlinzi hataki kuwafungulia. Wengine walikuwa wanapanga kuruka ukuta. Yeye akauliza: "Huyu mlinzi, ana kiu?" Mwongozaji wetu hakuwa amewaza kiu ya mlinzi hata mara moja. Akaweka penseli chini, akafikiri, akasema jua liko utosini na mlinzi amesimama hapo toka asubuhi. Ndiyo, ana kiu. Fundi akasema anashusha kibuyu chake cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, anakunywa kwanza yeye ili mlinzi aone hakina sumu, kisha anampa. Dadu ikarushwa, ikakubali kwa shida. Mlinzi akanywa, akafuta mdomo, akaanza kulia: ndugu yake amechukuliwa na majambazi wa msituni na hakuna anayejali. Hilo la ndugu halikuwa limeandikwa popote. Jumamosi kadhaa zilizofuata tulikuwa msituni tukimtafuta mtu aliyezaliwa kutoka kwenye kibuyu cha munkoyo, na fundi yule hajakosa kuja isipokuwa siku za kilio.

Na usidhani hiyo ni akili ya Wazungu tu. Waulize wazee wa mji huu habari za Mufwankolo na kundi lake, ambao maigizo yao kwa Kiswahili chetu yalisikika redioni na kuonekana kwenye televisheni. Hawakuandikiwa maneno ya kukariri. Walikubaliana wazo, wakapanga nani anaingia lini na ugomvi unatoka wapi, kisha kila mwigizaji akaleta maneno kutoka kichwani mwake. Ile ndiyo shule yako, na iko nyumbani. Andika kwenye daftari ufalme wako, watu wake, kila mmoja anataka nini na anaogopa nini. Mwisho usiuandike. Najua inauma kuachia mwisho ulioupenda, lakini wachezaji wako wanaweza kukufikisha kwenye mwingine ambao peke yako usingeufikiria.

Sasa habari ya dada wa UNILU, na hapa nitasema wazi. Yeye alikupa sababu yake kwa mdomo wake: hakuna anayemsikia. Wewe ukaitupa, ukaweka ya kwako: aibu. Msichana anayekuja kwenye barza ya wavulana, akachukua upanga na kucheza vizuri kama unavyosema mwenyewe, ana aibu gani? Mimi naiona picha ninavyoijua kwenye meza nyingi. Anasema, "Mimi nafunga mlango nyuma yetu." Wakati huo huo wawili wanapaza sauti kuhusu hazina. Wewe unamjibu mwenye sauti kubwa. Mlango haufungwi, maadui wanaingia kwa mlango huo huo, na hakuna anayekumbuka kwamba alisema. Ikitokea mara moja ni bahati mbaya. Ikitokea kila Jumamosi, basi mtu huyo hana mhusika mezani, ana kiti tu.

Nenda ukamwone. Usianze kwa kumwomba arudi. Mwambie umefikiria alichokisema, umeona ni kweli, unamwomba msamaha, na umuulize ni siku ipi hasa aliyoona amechoka. Kisha nyamaza umsikilize. Kama kuna mwenzenu aliyekuwa anamfanyia mzaha wa kimwili au kumkatiza, wewe mwenye nyumba ndiwe wa kulisimamisha pale pale, mbele ya wote. Na kuanzia sasa, hata nje ya mapigano, zunguka meza: kabla ya kuendelea na tukio lolote, mtaje kila mhusika kwa jina na umuulize anafanya nini. Mwenye sauti ndogo utamsikia bila yeye kulazimika kupiga kelele.

Wa mapigano marefu ana haki. Piga hesabu: wachezaji saba, kila mmoja akichukua dakika 4 kufikiri, kutafuta dadu, kujumlisha. Mtu akimaliza zamu yake anangoja wenzake sita, dakika 24, bado hujacheza maadui wako. Ndani ya hadithi mzunguko huo ni sekunde 6 tu. Nani hatachukua simu? Visa vingi vya mchezo huu vimeandikwa kwa wahusika wanne hadi sita, kwa hiyo saba walikuwa wengi tangu mwanzo. Hao watatu waliobaki, akirudi mmoja, mna kundi zuri. Zamu ya mtu ikianza, mwambie anayemfuata ajiandae. Usirushe dadu za kupima jeraha kila adui anapompiga mtu; kitabu kimeweka namba ya wastani kando, itumie. Na majambazi wanaoona nusu ya wenzao wameanguka hukimbia, kama watu wa kweli.

Tena, mfuko mmoja wa dadu kwa watu saba unapoteza muda kwa kuombana tu. Mwaka 1979 dadu zilipokuwa adimu, TSR, kampuni iliyouchapisha mchezo wakati huo, iliweka ndani ya boksi vipande vidogo vyenye namba vya kuchomoa badala ya dadu. Kata karatasi ngumu, andika 1 hadi 20, weka kwenye kikombe, kila mtu awe na chake.

Nimeliacha la mama kwa sababu ni zito.

Hofu hiyo haijaanzia Katuba. Katika miaka ya 1980 huko Marekani wazazi na wachungaji wengi walisema mchezo huu ni mlango wa shetani, na mwaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe alianzisha chama cha kuupinga. Toleo la pili lilipotoka mwaka 1989, mashetani walikuwa wameondolewa, na baadaye viumbe hao wakarudi kwa majina ya kubuni. Mchezo haukufa kwa kukosa mashetani.

Lakini sisi tuna letu zaidi. Tunaishi katika nchi ambako mtoto anaweza kufukuzwa nyumbani kwao kwa kuitwa mlozi. Mama aliyeona watoto hao wakilala sokoni, kisha akakuta kwa mwanawe kitabu chenye kiumbe wa pembe na moto, akaogopa, ameogopa kwa upendo. Kusema hana elimu ni kumtukana mzazi mbele ya mtoto wake, na kijana mwenye heshima hawezi kurudi kwenye barza hiyo.

Chukua mtu mzima mmoja wa kwenu, mama yako au mjomba, mwende kumsalimia. Omba msamaha kwanza kwa lile neno. Mpelekee kitabu, usikifiche, ajibiwe kila anachouliza. Mweleze kwamba mnasimulia hadithi na kurusha namba, hakuna sala, hakuna dawa, hakuna kuita kitu. Mkaribishe Jumamosi moja akae nanyi, apewe kiti kizuri, asikilize. Na kwenye meza yako toa viumbe vya pembe kabisa. Una majitu, una fisi, una majambazi, una waliomsaliti mfalme, wanatosha. Usifanye hivyo kama ujanja wa kumtuliza. Fanya kwa sababu ni jirani yako. Akiendelea kukataa, pokea. Kijana abaki rafiki yako, mle bukari, ugali wetu, pamoja, na jambo liishie hapo.

Wa Kolwezi naye usimwandike kwenye orodha ya waliopotea. Mfanye mhusika wake ahamie mji mwingine ndani ya hadithi, awe anawatumia wenzake habari. Ujumbe wa WhatsApp mara moja kwa juma haumalizi mega nyingi. Anaandika anachokifanya huko, wewe unamjibu kilichotokea, na Jumamosi unausoma kwa sauti mbele ya wote. Akija likizo anakaa mezani kana kwamba hakuwahi kutoka.

Kuhusu siku zenyewe: Jumamosi zetu zina harusi, vilio, na mvua ya kuanzia mwezi wa kumi na moja. Kisa kimoja kianze na kuishia siku hiyo hiyo, ili aliyekosa asipotee njia. Wakiwepo watatu, chezeni. Malizeni saa kumi na moja, kabla usafiri wa kurudi haujawa shida.

Kanuni za msingi za toleo lako zipo bure kwa Kifaransa, chini ya ile leseni ya Creative Commons niliyoitaja, na inakuruhusu hata kuzitafsiri mradi utaje zilikotoka. Tafuta mwenye intaneti nzuri, pakua mara moja, kisha wewe na mdogo wako mtengeneze karatasi ya mhusika kwa Kiswahili tunachosema mezani. Ukitaka kutoa kitu kwenye akiba yako, toa cha kuchapisha karatasi hizo na cha mikate ya Jumamosi.

Anza kwa mama, halafu dada, kabla ya Jumamosi ijayo. Ukishaongea na huyo dada, niandikie alichokuambia hasa, kwa maneno yake, usiyapunguze. Hapo ndipo nitaweza kukushauri kama hadithi ya mfalme wako iendelee au mwanze nyingine upya pamoja.

Yaya wako